Mabamba ya Jua Yanayosafiri Angani

Watoto, jioni giza liingiapo na mbingu ikiwa safi, tazameni juu. Huenda mtaona nyota moja inayokwenda polepole, bila sauti. Hiyo si nyota. Ni satelaiti, chombo kilichofanywa na watu, nacho chaizunguka dunia. Ndani yake mna redio na mashine nyingine. Je, chapata wapi umeme? Huko juu hakuna wa kukipelekea mafuta wala betri mpya.

Chaupata katika jua. Hapa Kasongo na kule Kabambare mmekwisha kuona mabamba ya jua juu ya mapaa. Mchana hupokea nuru na kuigeuza umeme. Usiku umeme uliowekwa katika betri huwasha taa. Kila bamba limefanywa kwa vipande vingi viitwavyo seli. Satelaiti nayo hufanya vivyo hivyo. Ikipita penye jua hujaza betri. Ikiingia katika kivuli cha dunia hutumia akiba yake.

Mwaka 1957 Warusi walirusha satelaiti ya kwanza, Sputnik. Ilikuwa na betri tu, na baada ya majuma matatu redio yake ilinyamaza. Mwaka 1958 Wamarekani walirusha Vanguard 1. Uzito wake ulikuwa kilo moja na nusu hivi, lakini ilikuwa na seli sita za jua, na sauti ya redio yake ilisikika hata mwaka 1964. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya. Nayo iliishi kwa mabamba ya jua.

Sasa fikirini juu ya uzito. Mtu asukumaye baiskeli yenye mizigo toka Kabambare hata Kasongo ajua kwamba kila kilo ina bei yake. Mlimani humlemea, matopeni humkwamisha. Roketi ni hivyo hivyo: kila kilo ipandayo angani yataka mafuta mengi na fedha nyingi. Bamba la nyumbani lina kioo kizito. Kwa hiyo mafundi wa anga hutafuta seli nyepesi.

Tutazame namna mbili. Namna ya kwanza hujengwa juu ya kipande chembamba cha madini yaitwayo jerimaniamu. Juu yake huwekwa matabaka mengine. Kila tabaka hunasa rangi zake za nuru. Hivyo karibu sehemu 30 katika 100 za nguvu ya jua hugeuka umeme. Madini hayo yamo hata Kongo kwetu. Mawe ya Kipushi yaliyeyushwa Lubumbashi ili kutoa shaba, na mabaki yakarundikwa hata yakawa kilima cheusi. Mwaka 2024 jerimaniamu iliyotolewa katika kilima hicho ilianza kupelekwa Ubelgiji, kwa kampuni ya Umicore, ambayo hufanya vipande vya seli za satelaiti. Basi, kilichoitwa takataka kilikuwa mali.

Namna ya pili ni utando. Gaweni milimita moja mafungu 1000: utando huchukua mafungu machache tu. Hutandazwa juu ya plastiki au bati laini, nao waweza kuviringwa kama mkeka. Ni mwepesi mno. Lakini kwa kawaida hutoa umeme mdogo kuliko namna ya kwanza, hivyo wataka nafasi kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo satelaiti nyingi zingali zikitumia namna ya kwanza, na wataalamu waendelea kuutengeneza utando upate nguvu.

Angani hakuna mawingu wala matope, lakini hakuna fundi wa kupita kila siku. Bamba la nyumbani lina mtu wa kulitunza. Lipanguseni vumbi, wala msiliache kivulini.

Maulizo

1. Kwa nini redio ya Sputnik ilinyamaza upesi?
2. Kwa nini mafundi hutafuta seli nyepesi?
3. Utando una faida gani, na una upungufu gani?