Kufundisha Muundo wa Miji: Tuanzie Nachingwea na Ruangwa

Mwalimu mwanafunzi anayepewa mada ya miji wakati wa mazoezi ya kufundisha aghalabu huchora ubaoni maduara yaliyomo kitabuni, huorodhesha matatizo ya miji, kisha huwataka watoto wanakili. Tumeliona hilo mara nyingi tukiwa tumeketi nyuma ya darasa. Katika somo moja la namna hiyo, mwalimu alieleza kwamba pembezoni mwa mji hukaa watu wasio na kazi, na kwamba huko ndiko uchafu na wizi huanzia. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, sisi tunakaa duara lipi?" Mwalimu akajibu kuwa hapa si mjini, akaendelea na orodha yake.

Swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe, nalo likapotea. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kulipokea.

Michoro ya vitabuni

Michoro mitatu inayotumiwa sana ilitokana na uchunguzi wa miji ya Marekani. Mwaka 1925 Ernest Burgess, akiutazama mji wa Chicago, aliuchora mji kama maduara yenye kitovu kimoja: katikati biashara, kisha nyumba kuukuu za wageni na maskini, kisha wafanyakazi wa viwandani, na mbali zaidi wenye uwezo. Mwaka 1939 Homer Hoyt alionyesha kwamba mji hukua kwa vipande vinavyofuata reli na barabara kuu. Mwaka 1945 Chauncy Harris na Edward Ullman walieleza kuwa mji mkubwa huwa na vitovu vingi, si kimoja.

Mwalimu atambue kwamba katika mchoro wa Burgess maskini hukaa karibu na kitovu, wala si pembezoni kama mwalimu wetu alivyosema. Basi michoro hii ichukuliwe kuwa vyombo vya kuulizia maswali. Haifai kukaririwa kana kwamba kila mji ulimwenguni umeumbwa hivyo.

Miji yetu ilipangwa kwa sababu nyingine. Dar es Salaam ya wakati wa ukoloni ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wazungu walikaa kando ya bahari, hata Oysterbay. Wahindi walikaa katika mitaa ya biashara karibu na bandari. Waafrika walipangiwa Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa ubaguzi huo, lakini mitaa ilibaki pale pale ilipojengwa, pamoja na tofauti ya ukubwa wa viwanja, mabomba na barabara. Umbo la mji hudumu kuliko amri iliyoliumba.

Mifano iliyo karibu nasi

Nachingwea ni mfano mzuri kwa kuwa ukuaji wake una chanzo kinachojulikana. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, wakakusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na Kati. Katika Tanganyika walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya zao hilo ilijengwa reli kutoka pwani, na bandari mpya ikajengwa Mtwara. Mpango ulishindwa, ukasitishwa mwaka 1951. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watoto waulizwe: mji hufanya nini pale sababu iliyoukuza inapoondoka? Nachingwea haikufa. Iliendelea kuishi kwa boma, soko, shule na mazao ya wakulima wa vijiji vya jirani.

Ruangwa inaonyesha jambo jingine. Hadi mwaka 1995 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea; kisha ikawa wilaya yenyewe. Mahali panapopata boma hupata watumishi. Watumishi huhitaji nyumba, na wenye nyumba huhitaji maduka. Mashamba ya jirani huanza kupimwa viwanja. Hapo huzuka maswali ya kijamii: nani anauza shamba lake mapema kwa bei ndogo? Bomba linafika mtaa gani kwanza? Isitoshe, fedha za korosho na ufuta huingia kwa msimu, na kwa hiyo mji hujaa watu na biashara kwa miezi michache, kisha hupoa.

Hatua za somo

Kwanza, mwalimu atembee na wanafunzi kutoka shuleni hadi sokoni. Kila baada ya hatua 100 wasimame na kuandika wanachokiona: nyumba, ofisi, duka, bomba, jalala.

Pili, wachore ramani chini uwanjani. Mawe yawe ofisi, mbegu za korosho ziwe nyumba, vijiti viwe barabara. Baadaye waihamishe karatasini.

Tatu, kwa kila kitu waulize maswali mawili: Kwa nini kiko hapa? Na nani yuko mbali nacho? Wazee waalikwe kueleza mahali hapo palikuwaje zamani.

Nne, hapo ndipo waonyeshwe Dar es Salaam na michoro ya kitabuni, waseme ni wapi inafanana na ramani yao na ni wapi inatofautiana.

Juu ya matatizo ya miji

Mwalimu ajihadhari asifundishe kwamba tatizo la mji ni watu wake maskini. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa lilibomoa vibanda Dar es Salaam ili kujenga nyumba bora, lakini wahamiaji walizidi nyumba zilizojengwa. Katika miaka ya 1970 sera ilibadilika: vilipimwa viwanja vyenye huduma Sinza na Kijitonyama, na Manzese ikaboreshwa kwa kutiwa barabara na maji bila kuwafukuza wakazi wake. Mtaa ule ule uliokuwa ukiitwa tatizo ulionekana kuwa makazi ya wafanyakazi waliokosa huduma.

Jambo hili linazidi kuwa na uzito. Mwaka 1967 wakazi wa mijini nchini hawakufika 7 katika kila watu 100. Katika sensa ya mwaka 2022 walikaribia 35. Wengi wa watoto tunaowafundisha wataishi mjini, na baadhi yao watakaa katika mitaa isiyopimwa.

Kwa sababu hiyo, mtoto asitakiwe kueleza hali ya nyumba yao mbele ya wenzake. Ramani ya darasa zima inatosha. Na akiuliza anakaa duara lipi, mwalimu ampe chaki, amwombe achore njia anayopita kutoka nyumbani hadi shuleni. Somo lianzie hapo.