Zumari ya Unguja, Ngoma ya Bara

Msomaji, uwe Ziba au Kariakoo, huenda umepata kuusikia msemo huu: “Ipigwapo zumari Unguja, hucheza walioko Maziwa Makuu.” Msemo huo ni wa enzi ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Wafanyabiashara wa Unguja walipotaka pembe za ndovu, wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliojitwika mizigo.

Lakini msemo haukusema yote. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia hiyo, na biashara ya Unguja ikayumba. Safari hiyo zumari ilipigwa Unyamwezi, wakacheza wa pwani! Basi tuutumiapo msemo huu, tuwakumbuke pia wenye mabega.