Robert Whittaker: Bingwa wa Sydney Aliyejua Kupumzika

Vijana wetu hapa Sydney wanamjua Robert Whittaker kwa ngumi na mateke. Mimi, kama muuguzi, namheshimu kwa jambo jingine: alijua wakati wa kusimama. Nasimulia habari zake kwa sababu wengi wetu tumekuja ugenini kutafuta maisha, na kusimama ndiko kunakotushinda.

Whittaker alizaliwa New Zealand mwaka 1990, akakulia Sydney. Utotoni alicheza karate, kisha hapkido, mchezo wa Wakorea, halafu akaingia mapigano mseto, yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana chini. Kabla ya umaarufu alijifunza ufundi umeme. Desemba 2012 alishinda The Ultimate Fighter: The Smashes, mashindano ya wapiganaji wa Australia na Uingereza, na safari yake ya UFC ikaanza.

Mwanzoni alipigana katika uzito wa kilo 77. Ili kufikia uzito kama huo, wapiganaji wengi hujinyima chakula na maji na kujitoa jasho mpaka mwili unakauka. Wodini, mtu wa hali hiyo tunamtundikia dripu. Mpiganaji anapanda ulingoni kesho yake. Novemba 2014, hapa hapa Sydney, Whittaker aliachana na uzito huo akapanda hadi kilo 84. Kwa karibu miaka mitano baada ya hapo hakushindwa hata pambano moja.

Mieleka aliichukulia kwa uzito pia. Mwaka 2017 alishinda mchujo wa kitaifa na kupata nafasi katika timu ya Australia ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast 2018, ingawa mwishowe hakushiriki. Ujuzi huo ulimfaa Julai 2017 alipokutana na Yoel Romero. Huyu Mkuba alikuwa mwanamieleka hasa: bingwa wa dunia mwaka 1999, na medali ya fedha ya Olimpiki aliipata katika jiji letu hili, mwaka 2000. Romero alijaribu tena na tena kumwangusha, na mara nyingi akashindwa. Whittaker, akiwa ameumia goti tangu mwanzo, alishinda kwa pointi na kutwaa mkanda wa muda. Miezi michache baadaye Georges St-Pierre alipoachia ubingwa, Whittaker akawa bingwa kamili, wa kwanza kutoka Australia katika UFC. Waliporudiana Juni 2018 huko Chicago alivunjika mkono mapema, akaendelea mpaka raundi ya tano, akashinda tena.

Hapo ndipo watu humsifu: ameumia na bado anapigana. Lakini mwili una daftari lake la madeni. Februari 2019 alitakiwa kutetea mkanda Melbourne. Saa chache kabla ya pambano alikimbizwa hospitali kwa maumivu ya tumbo. Alikuwa na ngiri na utumbo umejisokota, akapasuliwa kwa dharura. Utumbo ukijisokota damu inaweza kukatika, na sehemu hiyo ikafa ndani ya saa chache. Angepanda ulingoni siku ile, tusingekuwa tunazungumzia mkanda.

Oktoba 2019 alirudi Melbourne, mbele ya watu zaidi ya 57,000, akaangushwa raundi ya pili na Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos aliyekulia New Zealand. Akazidisha mazoezi. Mwenyewe amesimulia kwamba siku ya Krismasi mwaka huo alikuwa akikimbia kwenye matuta ya mchanga, mbali na sherehe ya familia, ndipo akajiuliza anafanya nini. Alikuwa amechoka roho. Akajitoa katika pambano la Machi 2020 akakaa na mkewe na watoto.

Aliporejea Julai 2020 alimshinda Darren Till, kisha Jared Cannonier, kisha Kelvin Gastelum. Mkanda haukurudi, Februari 2022 Adesanya alimshinda tena, safari hii kwa pointi. Kupumzika hakukumrudishia ubingwa. Kulimrudisha nyumbani, na kukampa miaka mingine kwenye kazi anayoipenda.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelishika barabara. Tatizo ni kulitua. Nawaona wenzetu wanatoka zamu ya usiku kutunza wazee, wanaingia darasani saa tatu asubuhi, jioni wanapokea simu ya ada za wadogo zao. Maumivu wanayameza na panadoli. Kule nyumbani nani atajua?

Basi nawaomba. Uvimbe kinenani au tumboni ukiwa mgumu, ukauma ghafla na ukaanza kutapika, usisubiri zamu iishe: piga 000. Mwanafunzi, bima yako ya OSHC umeshailipia, kamuone daktari. Na ukijikuta hulali, huna hamu ya chakula, watoto wanakukera bila sababu, mwambie mtu unayemwamini, kisha daktari. Waelezeni na wa nyumbani kwamba mwezi huu fedha itapungua kidogo. Watakuelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu wanakuhitaji wewe kabla ya fedha yako.