Kiara Aliponyimwa Nafasi ya Kukosa

Watoto wengi wa Malindi na Kilifi wanamjua Kiara, binti wa Simba katika filamu ya katuni ya Disney, The Lion King II, iliyotoka mwaka 1998. Siku yake ya kwanza ya kuwinda, baba anamwahidi kwamba ataenda peke yake, kisha anawatuma Timon na Pumbaa wamfuate kwa siri. Kiara anawashtua swala, anawakosa. Anapogundua kwamba analindwa, anatoka kwa hasira nje ya himaya, na huko moto nusura umuue.

Je, malezi ya kubanwa ndiyo yaliyomharibia uwindaji? Naamini ndivyo, lakini madhara yalianza zamani, kabla ya siku ile.

Nyikani ulinzi wa mwanzo ni mkali kweli. Simba jike huzalia mafichoni na kuwaficha wanawe wiki sita hivi au zaidi kabla ya kuwapeleka kundini. Fisi wapo, na madume wageni wakiliteka kundi huua watoto wachanga ili majike wapate mimba upya upesi. Hofu ya baba yake Kiara, basi, ina msingi. Ila kuanzia umri wa miezi mitatu hivi watoto huanza kumfuata mama windoni, wakibaki nyuma wakitazama. Wakikaribia mwaka mmoja hujitosa wenyewe, na mara nyingi huharibu: mmoja anachomoka mapema, pundamilia wanatimka, kundi zima linalala na njaa. Kesho yake mama anatoka nao tena. Jike hufikia miaka miwili hivi ndipo awe mwindaji wa kutegemewa.

Miaka hiyo haina njia ya mkato. Simba ana mbio za muda mfupi tu, hivyo lazima anyatie hadi karibu sana na windo, na hata wazoefu hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Tena majike huwinda kwa kusaidiana: baadhi huzunguka pembeni, wengine hujilaza katikati wakingoja mnyama aelekezwe kwao. Kiara alilindwa asikose, kisha akaachwa akawinde bila mama wala shangazi. Simba halisi asingepewa mtihani wa namna hiyo.

Kenya tuna mfano wa kweli. Mwaka 1956 George Adamson, ofisa wa wanyamapori, alimuua simba jike aliyemrukia, kisha yeye na mkewe Joy wakamlea mmoja wa watoto wake, Elsa. Jaribio la kwanza la kumrudisha porini lilishindikana. La pili, upande wa Meru, lilifaulu kwa subira: walimwacha siku kadhaa, wakarudi wakamkuta na njaa, wakamlisha, wakaondoka tena. Ilikuwa kazi ya uchungu kwa watu waliompenda, lakini Elsa alijifunza kuua mwenyewe, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Alikufa kwa maradhi Januari 1961, wanawe wakiwa na mwaka mmoja na kidogo, yaani umri uleule wa kuanza kujitosa. Walikuwa wamezoea pia nyama ya kuletewa. Muda si mrefu wakaanza kuvamia mbuzi wa wenyeji, na mwaka huohuo ikabidi wanaswe wahamishiwe Serengeti.

Kwetu jambo hili si la katuni. Ukitoka Malindi kuufuata mto Sabaki kwenda bara, unafika lango la Sala, na ng'ambo yake ni Tsavo Mashariki, ambako mto huohuo huitwa Galana. Nchi ni kavu, na choroa hashikwi na mwanafunzi. Simba kijana aliyempoteza mama kwa sumu au mkuki huona zizi la mbuzi kuwa rahisi zaidi. Anapouawa jike mwenye watoto wa umri wa kuanza kujitosa, wafugaji wa jirani wanapaswa kuarifiwa mapema, na mazizi yao yaimarishwe miezi hiyohiyo, kabla ya mbuzi wa kwanza kuchukuliwa.