Dizeli inagoma asubuhi? Cheki plagi za hita kwanza

Wadau, pikapu yangu ya zamani ya dizeli ilinitesa sana na baridi la Njombe. Stata inazungusha freshi, moshi mweupe unatoka (dizeli isiyoungua hiyo), moto hamna! Fundi akataka kufungua pampu. Nikagoma.

Nikafungua kile kichuma kinachounganisha plagi za hita, maana ukikiacha zote zinasomeka kama moja. Nikaunga balbu ndogo kwenye chanya ya betri, waya wa pili nikagusa kichwa cha kila plagi. Nzima inawasha balbu, iliyokatika haiwashi. Mbili kati ya nne kwishney. Zingekuwa nzima zote, ningecheki fyuzi na rilei.

Halafu jamani, msipulizie etha hita zikiwa na moto, inalipuka na kuvunja pistoni.