Kichujio cha petroli kinavyowagharimu waendesha bodaboda

KATIKA gharama ambazo mwendesha bodaboda huzipigia hesabu, kichujio cha petroli, ambacho mafundi wengi hukiita filta, hutajwa kwa nadra. Tairi likichakaa huonekana na breki zikiisha husikika, lakini kichujio hukaa kimya chini ya tanki hadi pikipiki izimike mlimani ikiwa na abiria.

Katika pikipiki zinazotumia kabureta, petroli hushuka kwa uzito wake kutoka kwenye tanki, ikipitia koki na mpira. Ndani ya kabureta hupita kwenye jeti, ambazo ni matundu membamba yanayoweza kuzibwa na chembe moja ya kutu. Kichujio huwekwa njiani ili chembe hiyo isifike huko.

Kinapoanza kuziba, pikipiki huwaka vizuri asubuhi na kunguruma bila shida ikiwa imesimama. Inapotakiwa kutoa nguvu zaidi, hukosa mafuta, hushtuka-shtuka na kuzima. Ikipumzishwa dakika chache, bakuli la kabureta hujaa tena, nayo huwaka kana kwamba haikuwa na kasoro yoyote.

Dalili hiyo huwapoteza wengi, mafundi wakiwamo. Hubadilishwa plagi, kisha koili, na fedha huishia kwenye vifaa ambavyo vilikuwa vizima. Hata hivyo, kabla ya kukilaumu kichujio, ni vyema kufungua kifuniko cha tanki: ikiwa pikipiki inarudiwa na nguvu mara tu kinapofunguliwa, kilichoziba ni tundu la hewa la kifuniko hicho, na tiba yake ni kulisafisha tu.

Hatari kubwa zaidi ni kuendesha bila kichujio kabisa. Baadhi ya mafundi hukitoa na kuunganisha mpira moja kwa moja ili pikipiki iondoke. Uchafu ukikwama kwenye sindano ya floti, petroli hufurika, na huweza kupenya hadi kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi na hailindi tena pistoni wala ringi. Hapo ndipo kifaa ambacho mara nyingi bei yake haizidi ya lita moja au mbili za petroli huzaa gharama ya kuchonga silinda na kununua pistoni mpya.

Bodaboda zimo hatarini kuliko pikipiki za nyumbani. Inayotembea kilometa 100 kwa siku hufikisha kilometa 2,600 kwa siku 26 za kazi. Aidha, wengi hununua petroli kidogo kidogo, wakati mwingine ya chupa kando ya barabara. Tanki lisilojaa hupata unyevu, unyevu huzaa kutu, na kutu huishia kwenye kichujio.

Kichujio hakitibu kila kitu. Huzuia chembe, lakini mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli hupita humo bila kizuizi. Ndiyo maana uchakachuaji, ambao kwa ajili yake Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, hauwezi kukomeshwa kwa spea.

Swali gumu ni nani alipe. Kwa utaratibu wa mkataba, mwendesha hupeleka hesabu kwa mmiliki hadi muda waliokubaliana uishe na pikipiki iwe yake, huku matengenezo kwa kawaida yakiwa juu yake. Pikipiki ikilala kwa fundi, hesabu hailali. Kwa anayeendesha bila mkataba huo, mmiliki hungoja mwendesha anunue vitu vidogo, naye mwendesha hungoja kiharibike kitu kikubwa ili mmiliki alipe. Kichujio hupotelea katikati ya kungojeana huko.

Kukibadilisha hakuhitaji ufundi mkubwa. Injini ipoe, koki ifungwe, na moto uwe mbali. Mshale ulioandikwa kwenye kichujio uelekee kwenye kabureta, na vibanio virudishwe pande zote mbili. Cha plastiki angavu kina faida ya kuonyesha uchafu kwa macho. Kiepukwe ambacho plastiki yake ni laini kupita kiasi au viungo vyake vimelegea, kwani petroli ikivuja juu ya injini ya moto, hasara haitakuwa ya spea pekee.

Kwa pikipiki zinazopuliza mafuta kwa pampu badala ya kabureta, kichujio kwa kawaida huwa pamoja na pampu ndani ya tanki. Mpira wake hubeba mafuta yenye msukumo mkubwa, na kichujio cha plastiki cha bei rahisi kikichomekwa hapo huweza kupasuka.