Mambo ya Kukumbuka kwa Aendaye Kuzamia Bonaire

Sisi watu wa pwani tunamfahamu mzamiaji ashikaye pumzi akashuka chini kutafuta pweza. Leo nataka kuwaeleza habari za uzamiaji wa namna nyingine, wa kuchukua mtungi wa hewa mgongoni, na mambo yampasayo mtu kuyajua kabla ya kwenda kuzamia hivyo katika kisiwa cha Bonaire. Huenda mtauliza, mwanafunzi wa kidato cha nne ana nini na Bonaire? Sababu ni hii.

Kaka yangu anasoma Uholanzi. Likizo iliyopita alipiga simu nyumbani akasema kwamba wenzake wamemwalika kwenda nao Bonaire kuzamia. Baba alikataa palepale. Baba yangu mdogo alikuwa akizamia majongoo ya bahari kwa mtungi. Siku moja, baada ya kuzama mara nyingi, hewa ilimwishia, akapanda juu mbio. Jioni ile miguu yake ilikufa ganzi, na hata leo anatembea kwa fimbo. Wako waliosema kwamba alipigwa na shetani wa baharini. Kaka akaniomba nimsemee kwa baba. Sikutaka kusema nisilolijua, basi nikamwendea mwalimu wetu wa fizikia na nikasoma vitabu.

Bonaire ni kisiwa cha Bahari ya Karibi, yapata kilometa 80 kutoka pwani ya Venezuela, na ni sehemu ya Uholanzi. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo maji ya upande wa magharibi ni matulivu. Hapana lazima ya mashua: kando ya barabara yamewekwa mawe yaliyopakwa rangi ya manjano kuonyesha mahali pa kuzamia, na mtu huingia majini kwa miguu yake. Wepesi huo ni mzuri, lakini waweza kumfanya mgeni asahau kwamba bahari ni bahari. Basi na ayakumbuke haya.

Kwanza, ajifunze kwa mwalimu mwenye cheti kabla hajaingia maji mengi, na mwenye ugonjwa wa mapafu, moyo au masikio amwone daktari kwanza.

Pili, atunze masikio. Maji hugandamiza ngoma ya sikio tangu mita ya kwanza. Yafaa abane pua na kupuliza polepole, tena mara kwa mara, kabla maumivu hayajaanza. Mwenye mafua asizame.

Tatu, asishike pumzi kamwe. Hili ndilo gumu kwetu, maana ndilo tulilozoea. Robert Boyle alieleza katika mwaka 1662 kwamba hewa ikigandamizwa mara mbili, nafasi yake hupungua nusu. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mzamiaji wa pweza hushuka na pumzi aliyoivuta juu; hiyo hupungua chini, na akirudi huwa kama ilivyokuwa. Lakini mwenye mtungi hujaza mapafu yake huko chini. Akishika pumzi katika mita 10 na kupanda, hewa ile hutaka nafasi mara mbili, na mapafu yaweza kupasuka. Hana budi kupumua wakati wote.

Nne, apande polepole. Hewa tunayovuta, zaidi ya robo tatu yake ni nitrojeni. Chini ya maji nitrojeni nyingi huyeyuka katika damu na mwili. Tazameni chupa ya soda: ukiifungua ghafula, mapovu hufurika; ukiifungua kidogo kidogo, hutulia. Ndivyo ulivyo mwili. Mtu asipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha asimame dakika 3 katika kina cha mita 5. Hapa ndipo nilipoelewa habari za baba mdogo.

Tano, asizame peke yake, na atazame kipimo cha hewa mara kwa mara, aanze kurudi hewa ikiwa bado nyingi. Ahisipo ganzi au maumivu ya viungo baada ya kutoka, aende hospitali upesi bila ya kuona haya.

Sita, siku ya mwisho asizame. Juu angani mgandamizo hupungua, na mapovu yaweza kutokea ndani ya ndege. Baada ya kuzama mara nyingi angoje saa 18 au zaidi. Wengi hungoja siku nzima.

Saba, asiguse matumbawe. Tumbawe si jiwe, ni viumbe hai vidogo vinavyokua taratibu sana. Bahari inayoizunguka Bonaire ni hifadhi tangu mwaka 1979, hata kina cha mita 60. Mgeni hulipa ada, na hupimwa kwanza mahali pepesi kama aweza kuelea bila ya kugonga chini. Kuvaa glavu kumekatazwa, maana mwenye glavu hushikashika kila kitu.

Nilipomaliza kumsomea baba maneno haya, baba mdogo alikuwa ameketi barazani akisikiliza. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia nirudie habari ya chupa ya soda. Nikairudia. Akasema, "Kumbe ilikuwa hewa tu." Halafu akamgeukia baba, akasema, "Mwache mtoto aende, lakini ajifunze kwanza. Mimi hakuna aliyenifundisha."

Baba amekubali, kwa sharti kwamba kaka amalize mafunzo yake kabla ya safari. Nami nawaomba wenzangu ambao baba au kaka zao huzamia kwa mtungi kutafuta riziki, wawasomee habari hizi nyumbani wakati wa likizo. Kanuni ya Boyle haibagui mwenda matembezi na mtafuta riziki, wala Bonaire na kwetu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa mzamiaji, maneno hayo ni uhai wake.